Mpira Ufike Mikononi Mwake



Katika mpira wa pete kila kikosi kina wachezaji saba, na kati ya hao saba ni wawili tu wenye ruhusa ya kufunga. Watano waliobaki, hata wakiwa na shabaha kuliko hao wawili, hawaruhusiwi kuurusha mpira kwenye pete. Wakiurusha, bao halihesabiwi. Kukimbia kwao kote, kuruka kwao na jasho lao lote huishia katika tendo moja, yaani kumfikishia mpira mwenzao aliyesimama karibu na mlingoti. Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukiwafundisha wasichana wa parokia yetu tendo hilo. Tumeona kwamba ni gumu kuliko linavyoonekana kwa mtazamaji, na kwamba ugumu wake hauko hasa katika mkono.

Wengi wenu, hasa mlio Bukavu, Goma na Lubumbashi, mnaijua basketi, na huenda mchezo huu hamjauona kamwe. Ni ndugu wa basketi. Mwaka 1891 mwalimu James Naismith, huko Springfield nchini Marekani, alitundika vikapu vya matunda ukumbini ili vijana wake wapate mchezo wa majira ya baridi. Haikupita miaka mingi mchezo ukavuka bahari, ukaingia katika vyuo vya wasichana vya Uingereza, ukageuzwa huko, na mwaka 1901 ukachapishiwa kanuni zake wenyewe. Tangu hapo ulifuata njia za Waingereza. Ndiyo maana unachezwa katika shule nyingi za Tanzania, Uganda, Zambia na Malawi, na sisi tuliotawaliwa na Wabelgiji tukabaki na basketi. Mwaka 2023 Kombe la Dunia la mchezo huu lilichezwa Cape Town, kwa mara ya kwanza katika bara letu, na wasichana wa Uganda, jirani zetu, walimaliza katika nafasi ya tano.

Kwetu, katika teritori ya Fizi, mpira wa pete haukuletwa na wizara wala shirikisho. Ulirudi pamoja na wakimbizi. Wazazi wenu wanakumbuka jinsi vita vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998 vilivyowavusha watu Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na jinsi wengi walivyokaa miaka mingi katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Waliporudi kwa meli, kina mama waliokuwa wasichana kule kambini walishuka na sufuria zao, watoto wao, na mchezo huu vichwani mwao. Mmoja wa kina mama hao ndiye mwenzetu katika kufundisha. Tunaposema "sisi" katika ukurasa huu, yeye yumo ndani yake, na mara nyingi yeye ndiye anayejua.

Milingoti yetu ni miti ya mikaratusi. Pete zilifuliwa na fundi wa vyuma kwa nondo ya kujengea, nasi tulizitundika kwa kipimo kinachotakiwa, mita 3.05 kutoka ardhini. Pete ina upana wa sentimita 38 na mpira una upana wa kama sentimita 22, nafasi ambayo si finyu sana. Lakini nyuma ya pete hakuna ubao. Mchezaji wa basketi akikosea kidogo, ubao humsaidia, mpira ukagonga na kuingia. Huku hakuna msaidizi huyo, mpira unapita hewani na kuangukia mikononi mwa adui. Kwa hiyo mfungaji wa mpira wa pete hufunga akiwa ametulia, miguu imekaa, macho yako juu, vidole viko nyuma ya mpira. Na utulivu huo hawezi kujipa mwenyewe. Anapewa na yule aliyemletea mpira.

Zitazameni kanuni, mtaona jinsi zinavyosukuma kila kitu upande huo huo. Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, umegawanywa sehemu tatu, na mpira hauruhusiwi kurushwa juu ya sehemu nzima bila kuguswa na mchezaji ndani yake. Mwenye mpira haruhusiwi kuudundisha akikimbia nao, wala kutembea nao. Anazo sekunde tatu tu, kisha lazima uwe umetoka mikononi mwake. Mbele ya pete kumechorwa nusu duara yenye kipimo cha mita 4.9, na humo huingia wafungaji wetu wawili na walinzi wawili wa upande wa pili, basi. Wale wanaomlisha mfungaji husimama nje ya mstari, wanatazama ndani kama mtu aliyesimama kizingitini pa nyumba asiyoruhusiwa kuingia, na sahani ya chakula mkononi. (Mstari wetu ni wa majivu, upepo wa ziwa huufuta kabla ya nusu ya mchezo, na ugomvi wetu mwingi huanzia hapo.)

Msichana anayeanza, akipata mpira penye kizingiti hicho, hufanya jambo moja bila kufundishwa: anautupa. Mlinzi amemwinulia mikono usoni, watu wanapiga kelele, sekunde zinakwisha, naye anataka tu mpira usiwe wake tena. Ukimwuliza alimpa nani, hajui. Alitazama mpira, akatazama mlinzi, hakumtazama mwenzake.

Hapo Kiswahili chenyewe kilitusaidia kufundisha. Tuliwaandikia wasichana ubaoni neno moja: kutupa. Tukawauliza maana yake. Wakasema haraka, ni kuondoa kitu usichokitaka, kama maganda ya ndizi. Tukawauliza, je, katika Sala ya Bwana tunaposema "utupe", tunamwomba Mungu aondoe kama maganda? Wakacheka sana. Kisha wakanyamaza, maana waliona wenyewe kwamba neno ni hilo hilo kwa sikio, na lina nyumba mbili: kutupa ovyo, na kutupa sisi, yaani kutugawia. Tangu siku hiyo hatuhitaji kusema mengi uwanjani. Mpira ukienda ovyo, mtu anapaza sauti, "Hiyo ni kutupa gani?" na aliyekosea anaelewa.

Basi, kumpa mfungaji mpira kunaendaje? Tuelezeni kidogo, maana wako kati yenu watakaotaka kujaribu, na maneno matakatifu yasiyo na mazoezi hayawafai.

Kwanza kuna zile sekunde tatu. Tunawafundisha kuzigawa: ya kwanza ni ya kutua na kusimama imara, ya pili ni ya kutazama, ya tatu ni ya kutoa. Anayeogopa huzitumia zote kwa kuogopa. Mama mwenzetu hupiga makofi matatu polepole, nao wanacheza kwa makofi hayo mpaka woga upungue; baadaye makofi yanaharakishwa. Wengi hushangaa jinsi sekunde moja ya kutazama ilivyo ndefu kwa mtu aliyesimama imara.

Kisha kuna swali la mahali. Mpira hautumwi alipo mfungaji. Unatumwa atakapokuwa, na upande ule ambao mlinzi hayuko. Mlinzi akiwa kushoto kwake, mpira uende mkono wake wa kulia, mbali kidogo na mwili, ili mwili wake mwenyewe uwe ukuta. Mlinzi akisimama mbele yake, mpira upite juu na kushuka nyuma, karibu na mlingoti, lakini usivuke mstari wa mwisho. Mfungaji naye ana wajibu wake: anaonyesha kwa mkono. Mkono ulionyoshwa ndio anwani. Tumewakataza wasichana wetu kutoa mpira kabla mkono haujaonekana, hata kama kwa kungoja huko tunapoteza nafasi, kwa sababu nafasi zinazopotea kwa kungoja ni chache kuliko zinazopotea kwa kubahatisha.

Pasi zenyewe mtazijifunza kwa siku chache. Ya kifua ni ya haraka na ya karibu. Ya kudunda hupita chini ya mikono ya mlinzi mrefu, nayo hupigwa chini ikiwa imekwisha kupita zaidi ya nusu ya safari yake, ili ifike kiunoni mwa mpokeaji na si magotini. Katika uwanja wetu wenye changarawe inadanganya, kwa hiyo kila Jumamosi tunaanza kwa kufagia. Ya bega ni ya mbali. Ya juu ni nzuri kuliko zote kwa mfungaji mrefu, lakini wakati wa kiangazi, alasiri, upepo wa ziwa huikunja, na msichana anayetoka upande wa ziwa lazima aitume kana kwamba anaipeleka kwa mtu mwingine. Mazoezi ya shabaha tunayafanya ukutani mwa ukumbi wa katekisimu, ambako tumechora alama kwa chokaa, moja ya kifua na mbili za mikono. Paroko amelalamika kuhusu matope kwenye ukuta wake uliopakwa rangi. Tumemwahidi kuupaka upya siku ya Krismasi. Hakusema Krismasi ya mwaka gani.

Hayo yote ni ya mkono. Tulisema mwanzoni kwamba ugumu hauko hasa hapo, na sasa tueleze tulikoona kwamba uko.

Miaka miwili iliyopita alijiunga nasi msichana aliyefika na familia yake kutoka milimani, wakikimbia mapigano. Jina lake tunaliacha. Alikuwa mrefu kuliko wote na mkono wake ulikuwa mtulivu. Peke yake chini ya pete alifunga kuliko yeyote tuliyewahi kumfundisha. Tukampa herufi za mfungaji avae kifuani. Anayeijua nchi yetu ya Fizi, Uvira na Mwenga anaelewa tusichohitaji kukitaja: watu wa milimani na watu wa kando ya ziwa wamezika wafu wengi, na kila upande una hesabu yake.

Katika michezo alikosa. Alikosa mno. Akishika mpira alikuwa ameinama, au amegeuka nyuma, au mlinzi amekwisha kumfikia. Mara nyingine mpira ulimpita kabisa. Kando ya uwanja wazazi walianza kupiga kelele atolewe. Mzee mmoja wa baraza la parokia alitujia baada ya Misa, kwa heshima zote, akasema, "Mwalimu, urefu wa mtoto huyu ni wa bure. Mrudisheni yule wetu wa zamani." Wasichana wenyewe walituambia kwa sauti moja, "Mwalimu, huyu hashiki mpira." Neno "wetu" la yule mzee lilitukaa moyoni, nasi hatukumjibu siku hiyo.

Mama mwenzetu hakubishana na mtu. Jumamosi iliyofuata alikuja na makopo mawili ya nyanya na mfuko wa kokoto, akaketi nyuma ya mstari wa goli. Kila mpira uliotumwa kwa yule msichana na kufika juu ya kifua chake, upande ambao mlinzi hayuko, aliutilia kokoto katika kopo la kwanza, iwe amefunga au amekosa. Kila mpira uliofika magotini, au nyuma yake, au umechelewa, aliutilia kokoto katika kopo la pili. Mchezo ulipokwisha aliwaita wote wakae chini, akamimina makopo mbele yao bila neno. Kopo la pili lilitoa rundo. La kwanza lilitoa kokoto ambazo mtoto mdogo angezifumba katika kiganja kimoja, na karibu zote, alisema, zilizaa mabao.

Kuna waliotaka tuhitimishe mara moja kwamba ni chuki. Hatukukubali, wala hatukubali leo. Ni rahisi kuwahukumu watoto kwa dhambi za nchi nzima. Tulipowachunguza mmoja mmoja tuliona kwamba wengi wao walikuwa wakimtumia mpira kama walivyomtumia mfungaji wa zamani, ambaye ni mfupi na hupenda kuupokea kifuani. Walikuwa wamekua naye, wameteka maji pamoja, walijua atakimbilia wapi kabla yeye mwenyewe hajajua. Huyu mpya hawakumjua. Hakuna aliyewahi kumwuliza lolote. Alikuwa akila chakula chake peke yake chini ya mwembe, Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, nao walidhani ukimya wake ni maringo. Mpira ulikwenda pasipo mtu kwa sababu akilini mwao pale palikuwa hapana mtu bado.

Dawa yake haikuwa mahubiri. Katika mafunzo ya ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu hulitazama darasa kabla ya kuutazama ubao, na kwamba anayeuliza swali lililo juu ya kichwa cha mtoto hajauliza, amejisikiliza tu. Tukaweka zoezi moja. Kila mlishaji alisimama na mfungaji yule, wawili peke yao, na kabla ya kila pasi alimwuliza kwa jina lake, "Wapi?" Yeye alijibu kwa neno au kwa mkono: juu, kulia, ngoja. Baada ya pasi alisema kama imemfaa. Mwanzoni kwa aibu alisema zote zimemfaa, hata ile iliyomgonga goti, na tulilazimika kumwambia kwamba anayesema asante kwa mpira mbaya anamnyima mwenzake somo. Siku alipothubutu kusema, "Hapana, huu ni wa mtu mfupi," wote walicheka, na yeye akacheka. Hatujui jambo lolote tulilofanya parokiani mwaka ule lililokuwa na thamani kuliko kicheko hicho.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kuhusu mwili wenye viungo vingi, nasi katika vikundi vya vijana tunalisoma somo lile mara nyingi mpaka limekuwa laini kama sarafu ya zamani. Sisi tunawaomba msome pia mlango wa sita wa Injili ya Marko, pale Yezu anapowalisha watu jangwani. Kabla ya mkate wowote kutoka mikononi mwake, aliwaketisha watu kwanza, vikundi kwa vikundi, juu ya majani. Kisha akawapa wanafunzi, na wanafunzi wakawapa watu. Tumelifikiria sana lile tendo la kuwaketisha. Mkate ungeweza kurushwa juu ya umati, na wenye nguvu wangeudaka. Yeye alitaka kila mmoja awe na mahali, ili mkono unaogawa uweze kumfikia. Na wale wanafunzi, ambao jioni ile walikuwa wamechoka na walitaka watu waondoke, walipewa kazi ya kutembea katikati ya safu na kutazama nani hajapata.

Lakini tulisema kwamba hatutaki kuwadanganya, na kuna mmoja ambaye jambo lake halikuwa la kutokujuana. Alikuwa mchezaji wa pembeni, mlishaji wetu bora, mwenye jicho la kipanga. Kaka yake aliuawa katika njia ya kwenda milimani. Alipofika zamu yake ya kusimama na mfungaji, alishika mpira, akausimamisha kifuani, akatuambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nikimtazama, mkono unakataa." Tulikaa kimya. Ziko saa ambazo katekista ana majibu mengi kichwani na hakuna moja lenye ruhusa ya kutoka. Mama mwenzetu, ambaye naye alizika watu njiani kabla ya kufika kambini, alimsogelea akamwambia, "Mwanangu, basi usimtazame uso. Tazama mkono wake. Mkono wa mtoto huyu haujamwaga damu ya mtu."

Msichana aliweka mpira chini akaenda nyumbani. Majuma mawili hakuonekana. Hatukumtumia mtu wa kumwita, ila tulimweleza paroko, naye alikwenda kuisalimu familia na kuwaombea marehemu wao. Tulikubaliana sisi kwa sisi kwamba hatutamwambia asamehe ifikapo Jumamosi. Wapo wanaowaagiza watoto wetu msamaha kama wanavyoagiza chumvi dukani, nasi tunaona kwamba hao hawajazika mtu, au wamesahau.

Alirudi mwenyewe. Hakuomba kucheza. Mama akampa makopo na kokoto, akamwambia, "Leo wewe ndiye mwenye kuhesabu." Akaketi nyuma ya mstari wa goli, mita chache kutoka kwa yule mfungaji, na ilimbidi mchezo mzima autazame ule mkono ulioinuliwa. Alihesabu kwa haki. Tulimchunguza, maana tulikuwa na wasiwasi, na hakuna kokoto moja iliyokwenda kopo lisilo lake. Kuelekea mwisho, rafiki yake alituma mpira uliofika magotini, na sote tukamsikia akisema kwa hasira ya fundi anayeona kazi imeharibiwa, "Umempa vibaya! Mkono ulikuwa juu!" Juma lililofuata alivaa herufi zake. Pasi yake ya kwanza ilikuwa ya juu, ikapita juu ya walinzi wawili, ikashuka katika kiganja cha kulia cha mfungaji kama ndege anayetua kwenye kiota chake. Akafunga. Hawakukumbatiana. Kila mmoja alirudi mahali pake kungoja filimbi.

Mtatuuliza kama wamekuwa marafiki. Hapana. Baada ya mazoezi kila mmoja alishika njia yake, na mama wa mlishaji bado hapendi kusikia jina la yule mwingine. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Hata hivyo, kwa mwaka mzima, kila Jumamosi alasiri, mmoja aliinua mkono na mwingine akauona, na hakuna aliyewalipa faranga kwa hilo. Katika sikukuu ya parokia jirani tulishindwa kwa mabao mawili. Walinzi wao walikuwa wazuri kuliko wetu, na mstari wa majivu tutauacha bila kuuzungumzia.

Mzee wa baraza tulimjibu hatimaye kwa kumkaribisha aje kuhesabu kokoto. Alikuja mara moja, akaketi kwa kipindi kimoja, akaondoka bila kusema kitu. Siku hizi akisimama kando ya uwanja hupaza sauti kwa walishaji.

Mwezi uliopita familia ya yule msichana mrefu ilihamia Uvira kwa ndugu zao. Aliaga kwa kumkabidhi kila mmoja mkono, polepole, kama watu wa kwao wanavyofanya, na wa pembeni aliupokea. Mfungaji wetu sasa ni mtoto wa miaka 14, mfupi, anayependa mpira wa kudunda na anayekimbilia kushoto hata pale tunapomtaka kulia. Ilibidi waanze upya wote. Jumamosi tulipofika, kabla hatujafagia, yule wa pembeni alikuwa amekwisha kusimama naye wawili peke yao karibu na mlingoti, mpira kifuani, akimwuliza kwa jina lake, "Wapi?"